Feni Iliyonyamazishwa

Sura ya Tisa

Mpaka saa kumi alasiri Ylfa angekuwa bado mtu asiye na hatia. Saa kumi angeingia ofisi ya halmashauri ya Svartavik, aketi kando ya wakili aliyekuja kwa ndege ndogo kutoka Reykjavik, na atie sahihi ya kukiri kwamba yeye ndiye aliyeilaza kompyuta iliyoongoza maji ya bwawa la kuogelea kwa kuchoshwa na kelele zake. Kwamba kwa sababu hiyo maji ya moto yatokayo ardhini yaliingia kwenye kidimbwi cha kuogea bila kuchanganywa na ya baridi, yakamuunguza mwalimu Dagrun kuanzia nyayo hadi kiunoni. Wakili alishampigia hesabu. Akikiri, kifungo cha nje. Akikana akashindwa, gerezani. Kijiji kizima kilimshauri akiri, na kijiji kikikushauri jambo kwa sauti moja, ujue kuna mtu anafaidika.

Hallbera, mpelelezi wa polisi aliyetumwa kutoka upande wa pili wa mlima, hakuwa mtu wa kupendwa, na hakujihangaisha kupendwa. Tangu afike alikuwa amenywa kahawa katika kila nyumba ya Svartavik na kuambiwa maneno yaleyale: msichana mzuri, lakini mzembe, tunamhurumia, lakini. Ile "lakini" ilikuwa imemkaa kooni. Asubuhi hiyo aliiweka kompyuta mpakato juu ya meza ya halmashauri, ndani ya mfuko wake wenye lakiri ya konstebo wa kijiji, na kumwita Ylfa.

Ylfa alikuja na mama yake, Signy. Binti, mhudumu wa bwawa, alikuwa na miaka ishirini na mitatu na alionekana hajalala vizuri tangu ajali. Mama alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

"Leo sikuulizi ulifanya nini," Hallbera alisema. "Nakuuliza mashine ilikuwa inafanya nini."

"Inapiga kelele. Kama kawaida yake. Ukiingia chumba cha pampu unadhani kuna ndege inataka kuruka."

"Tangu lini?"

"Tangu walipoileta. Kompyuta yenyewe ya bwawa ilikufa, wakachukua hii laptopu iliyokuwa shuleni, wakasema ni ya muda tu. Muda gani huo, huu mwaka wa pili sasa."

"Na kelele zikakuudhi."

"Zilimuudhi kila mtu!"

"Ila wewe ndiye uliyesema kidimbwini, watu wakisikia, kwamba siku moja utaizima upumue."

"Nilikuwa natania jamani."

"Najua. Watu sita wamenisimulia utani wako. Hakuna hata mmoja aliyecheka."

Signy aliweka mkono begani kwa bintiye. "Mwanangu, sema tu ukweli. Ukikiri yataisha, tutarudi nyumbani."

"Signy," Hallbera alisema, "nikitaka msaada wako nitaomba." Akamgeukia binti. "Umewahi kufunga kifuniko chake?"

"Mara mbili tatu hivi. Inalala, kimya kinaingia, nafungua palepale."

"Siku ile je?"

Ylfa alitazama mikono yake. "Sijui tena. Kila mtu anasema nilikifunga."

Hallbera alivunja lakiri. Hakuiwasha mashine kwanza. Aliigeuza chali, akamulika matundu ya hewa ya upande wa chini kwa tochi, akapiga picha, kisha akachomoa kwa kibano nyuzi chache za sufu zilizokuwa zimenasa humo, za kijivu na za kijani, akazitia kwenye bahasha. Hakuzitilia maanani sana. Katika nchi hii sufu iko kila mahali, hata kwenye supu. Ndipo akaigeuza tena na kubonyeza kitufe.

Kabla picha ya kawaida haijatokea, kioo kilibaki cheusi na mstari mmoja mweupe ukajiandika juu yake. Hallbera alikigeuza kuwaelekea wageni wake.

"Soma."

"Mashine hii ilijizima kwa sababu ya joto kupita kiasi," Ylfa alisoma, sauti ikififia.

"Kompyuta iliyolazwa haisemi hivyo. Ukiilaza, inaamka pale ilipoishia. Hii haikulazwa na mtu. Ilichemka mpaka ikajizima isije ikaungua. Ilipozima, vali ya maji ya moto ikabaki wazi vilevile ilivyokuwa imeamriwa, na kile kizuizi cha usalama, ambacho halmashauri iliahidi kukibadilisha tangu mwaka juzi, kilikuwa kimeganda kwa magamba ya madini ya maji. Hakuna kilichobaki cha kumlinda Dagrun."

"Kwa hiyo si yeye?" Signy aliuliza haraka.

"Kwa hiyo hakufunga kifuniko. Nani aliichemsha, bado."

Aliwaacha hapo, akatoka ukumbini kumpigia simu mwendesha mashtaka wa wilaya. Alitegemea angalau ukimya wa mtu anayefikiri. Hakuupata.

"Basi ni michezo yake," yule bwana alisema. "Ketill, msimamizi wake, ametuambia binti alikuwa anacheza michezo ya vita kwenye mashine ya kazi. Alimwonya. Michezo ndiyo iliyoichemsha. Hatia ni ileile, tunabadilisha sentensi moja tu."

"Nipe muda niipime."

"Una muda mpaka saa kumi. Halafu sikia, Hallbera. Dagrun amefariki leo asubuhi. Hospitali wamenipigia sasa hivi. Hiyo si ajali ya kuungua tena, ni kifo. Binti asijue mpaka atie sahihi."

"Unataka akiri jambo dogo kumbe anasaini kubwa."

"Nataka jambo liishe kabla kijiji hakijapasuka."

Hallbera alikata simu bila kuaga. Kupitia kioo cha mlango alimwona Signy akimpa bintiye leso. Hasira ilimpanda hadi masikioni, akaimeza, kwa sababu hasira haipimi joto la mashine.

Aliwarudisha nyumbani, akafunga mlango na kuutafuta mchezo wenyewe. Ulikuwa mle kweli, na Ylfa alikuwa ameucheza majira yote ya baridi. Hallbera aliufungulia, akaweka pembeni kidirisha cha kuonyesha joto la mashine, akaanza kupigana. Aliuawa mara moja, akauawa tena, akaendelea kuuawa huku feni ikinguruma mpaka kijiko kikacheza ndani ya kikombe. Joto lilipanda likafika digrii themanini na nane, likagoma hapo. Aliiacha hivyo muda mrefu kuliko zamu ya mtu yeyote mvivu. Mashine ilipiga kelele kama mke aliyeonewa, lakini haikuzima.

Watu huogopa feni yenye kelele. Wanaiona mgonjwa, kumbe ndiyo nzima. Inakimbia kwa sababu ndani kuna moto na hewa inapita. Ya kuogopwa ni ile iliyonyamaza wakati kuna kazi.

Alichukua bisibisi ndogo, akafungua mfuniko wa chini. Alitarajia kukuta blanketi la vumbi. Vumbi lilikuwepo, la kawaida, la kijivu, lisiloweza kuziba kitu. Lakini juu ya vumbi hilo, upande wa hewa inakoingilia, kulikuwa na nyuzi nyingine za sufu, mpya, zimevutwa ndani na kujipanga kufuata mistari ya matundu. Akachukua bahasha yake, akalinganisha. Kijivu na kijani, ileile.

Aliketi akaitazama kwa muda. Sufu inayopukutika kwenye nguo ya mtu huanguka juu ya mashine. Hii ilikuwa chini, na upande huo ulikuwa umekaa juu ya rafu ya chuma ya chumba cha pampu. Isingefika huko ila kama mashine ilikalia sufu. Na tundu la nyuma la kutolea hewa moto halikuwa na uzi hata mmoja, kwa sababu hewa ya kutoka husukuma, ya kuingia ndiyo huvuta.

Akavua sweta lake mwenyewe. Aliirudishia mashine mfuniko wake, akaiwasha, akaivika sweta kama mtoto anayepelekwa kwenye theluji, mikono akaikunjia chini. Ngurumo ikazama. Ikawa mnong'ono tu, mtu angeweza kusikia saa ya ukutani. Lakini kwenye kidirisha, ambacho alikichungulia kupitia shingo ya sweta, namba hazikugoma safari hii. Tisini. Tisini na sita. Mia. Kahawa yake ilikuwa bado haijapoa kioo kilipokuwa cheusi.

"Aliyefanya hivi hakutaka kuizima," Hallbera aliiambia meza. "Alitaka inyamaze tu."

Bwawa lilikuwa limefungwa, mvuke wake ukipeperushwa na upepo kuelekea baharini. Katika chumba cha pampu alimkuta Ketill, msimamizi wa bwawa, mzee mrefu aliyevaa suti nyeusi na viatu vya mpira. Siku ya ajali ndiye aliyekimbia na kuifunga vali kwa mkono huku Ylfa akimvuta Dagrun majini. Kijiji kilikuwa kinamwita shujaa. Tena shujaa mwenye msiba. Mke wake, Oddlaug, alikuwa amekufa siku chache kabla ya ajali, na leo ndiyo alikuwa anazikwa.

"Siku ya kuzika na wewe uko kazini?" Hallbera aliuliza.

"Pampu haijui msiba," Ketill alijibu. "Na nyumbani kuna wanawake kumi na wawili na keki ishirini. Mtu hapati pa kuweka kiwiko."

"Pole sana kwa Oddlaug."

"Asante. Alikuwa ananisema sana, sasa nyumba imekuwa kimya mno." Alifuta mikono kwa kitambaa. Suti ilikuwa nyembamba na chumba kilikuwa na baridi ya jokofu, mitambo mingi ikiwa imezimwa.

"Siku ile, kabla ya kelele za Dagrun, ulikuwa wapi?"

"Nilishasema. Nyumbani. Nilikuwa nakuja zangu huku, nikasikia mayowe, nikakimbia kwenye vali."

"Ulimwona Ylfa humu?"

"Nilimwona anatoka, baadaye. Wote walimwona." Akatikisa kichwa kwa huruma. "Mtoto wa watu. Nilimwambia, binti, hiyo si mashine ya michezo. Ile feni ilikuwa inalia kama inataka kufa."

"Ilikuudhi na wewe?"

"Mimi? Mimi nimezeeka na pampu. Sisikii tena."

Alitazama saa, akasema jeneza litafungwa saa nane na lazima awepo, akavua viatu vya mpira na kuvaa vya ngozi. Mlangoni aligeuka. "Anaendeleaje Dagrun? Alikaa na Oddlaug mpaka dakika ya mwisho, unajua. Kuliko hata dada zake."

"Nasubiri habari," Hallbera alisema, na uongo huo ulimwacha na ladha mbaya mdomoni.

Alipobaki peke yake aliiangalia ile rafu ya chuma. Mahali pa mashine palikuwa safi, pembeni pamejaa vumbi. Kiti kimoja cha mbao. Kikombe kilichokauka. Na juu ya mabomba, redio ya zamani yenye antena iliyofungwa kwa waya. Hallbera alinyoosha mkono akaiwasha.

Sauti ilimpiga kama kofi. Ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho kabisa. Alirudisha kitufe nyuma, masikio yakimlia, akasimama akiwa bado ameshika kitufe.

Mtu hufungua redio hadi mwisho akiwa anashindana na kelele. Na ikiwa hata hivyo hasikii? Ylfa alisikiliza muziki wake kwenye simu, kwa vile vidude vya masikioni. Redio haikuwa yake. Na kumbukumbu za mashine zilionyesha ilijizima muda mfupi kabla ya saa saba mchana, baada ya taarifa ya habari, saa ambayo redio ya taifa husoma majina ya waliofariki, na nchi nzima kuanzia wavuvi hadi mawaziri hunyamaza na kuweka kijiko chini. Hakuna mtu anayekufa kikamilifu hapa mpaka asomwe redioni. Hallbera mwenyewe alimsikiliza baba yake akisomwa, amesimama jikoni, na alimfokea mumewe kwa kufungua bomba la maji.

Alitoa simu akampigia Signy. "Tangazo la Oddlaug lilisomwa siku gani?"

"Siku ileile ya ajali," Signy alisema. "Tulikuwa wote kwa Ketill, tumejaza sebule. Redio katikati ya meza."

"Ketill alikuwepo?"

"Sasa unaponiuliza hivyo... hapana. Dada za marehemu walisema ametoka kidogo, hawezi kuvumilia kulia mbele za watu. Tukamwonea huruma."

Kanisa la Svartavik lilikuwa jeupe, dogo, na baridi. Mchungaji Hildigunn, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, alimpokea barazani na kumtaka angoje, familia ilikuwa imetoka tu kumuaga marehemu. Mume peke yake ndiye aliyebaki ndani.

"Nahitaji kusema naye kabla jeneza halijafungwa."

"Hallbera, kuwa na utu. Mzee wa watu amemfunika mkewe kwa sweta lake mwenyewe. Lile la sufu, alilomfumia yule mama. Alisema Oddlaug alichukia baridi. Ametoka nyumbani na suti tu, anatetemeka kama jani."

"Sweta la rangi gani?"

Mchungaji alimtazama kama aliyetukanwa. "Kijivu. Shingoni lina mduara wa kijani. Kwa nini?"

Hallbera alifungua mlango akaingia.

Ketill alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele. Jeneza lilikuwa wazi. Oddlaug alikuwa mwanamke mdogo, uso umetulia, na kifuani mwake sweta lilikuwa limetandazwa vizuri, mikono imekunjwa kama watu wanavyokunja nguo dukani. Hallbera aliinama, akasimama, akakaa kwenye benchi hilohilo, akaacha nafasi kati yao.

"Nalihitaji hilo sweta, Ketill."

"Alilifuma yeye. Ni lake."

"Kwa ndani litakuwa na vumbi la mashine. Kutakuwa na mstari mweusi, mahali matundu yalipojichora. Tunaweza kulitoa sasa mimi na wewe. Au naita maofisa, watu wote wakiwa hapo nje na kofia zao mkononi."

Mzee hakusogea. "Dagrun amepona?"

Safari hii hakumdanganya. "Amefariki leo asubuhi."

Ketill alifumba macho. Alipozungumza hakumtazama Hallbera wala mkewe, alitazama sakafu.

"Ylfa bado kijana," alisema. "Ataenda mjini, Reykjavik, Denmark huko, nani atamjua? Vijana wanasahau. Mimi niende wapi? Nimezaliwa hapa. Kaburi langu lishachimbwa nusu, pale kando ya la Oddlaug."

"Kwa hiyo ulishalipima."

"Sikupima. Sikupanga chochote."

"Kusahau sweta kwenye mashine si kupanga. Kulificha kwenye jeneza ni kupanga. Na kumwambia mwendesha mashtaka kuhusu michezo ya binti, hiyo ni nini?"

"Ni kweli alikuwa anacheza!"

"Ni kweli. Na haikumuua mtu."

Huko nje mtu alikohoa, viatu vikasugua changarawe. Ketill aliongea haraka, kama anayetaka kumaliza kabla hajaghairi.

"Nyumbani hapakuwa na nafasi ya kusikia. Wote wananishika mabega, wananipa mikate ya nyama. Nikaenda kwangu, pale kwenye pampu, ndiko nilikosikilizia habari miaka yote. Nikafungua redio, ile feni inalia. Nikafungua zaidi, inalia. Taarifa ya habari inaisha, wanaanza kusoma majina, sisikii kitu! Jina la mke wangu litapita hewani na mimi sisikii kwa sababu ya laptopu ya shule! Nikavua sweta nikaizungushia mashine. Ikanyamaza."

"Ukamsikia?"

"Jina lake. Mahali alipozaliwa. Kwamba ameacha mume." Alitoa pumzi. "Sentensi mbili. Unaishi na mtu maisha yako yote, halafu wanamsoma kwa sentensi mbili na kuhamia kwa mwingine. Nikaenda msalani kunawa uso. Nilikaa huko. Nilisahau kwamba iko vile, Hallbera. Wallahi nilisahau."

"Hapo nakuamini."

"Niliposikia mayowe nikakimbia, nikafunga vali. Sweta lilikuwa la moto. Nikalivaa tu. Nilikuwa nasikia baridi." Aliangalia mikono yake. "Watu wakaanza kunipa pole na kunisifu kwa pamoja. Nikangoja wanyamaze ili niseme. Hawakunyamaza."

"Ukawasaidia kupata mtu mwingine wa kumsema."

Hallbera hakumhurumia kama alivyotakiwa kuhurumia mfiwa siku ya maziko, na hakuona aibu. Alifikiria kalamu iliyokuwa ikisubiri kwenye meza ya halmashauri.

Ketill aliinuka. Mwenyewe aliingiza mikono jenezani, akalinyanyua sweta, na kwa mkono mmoja akainyoosha kola ya gauni la mkewe iliyokuwa imekunjwa. Akamkabidhi.

"Niache nimzike kwanza."

"Zika. Nitakuwa mlangoni."

Alivua koti lake zito la polisi akamwachia juu ya benchi. Ketill hakulichukua.

Saa kumi Ylfa alikuwa tayari amekaa, kalamu mezani, wakili upande mmoja na mama yake upande wa pili. Hallbera aliingia ananuka changarawe na upepo. Hakukaa. Aliweka juu ya karatasi za wakili mfuko wa ushahidi wenye sweta ndani, akaeleza yote kwa maneno machache, jina la Ketill na sababu yake, na alipomaliza akasema pia kwamba Dagrun amefariki, kwa sababu mtu mwingine angemwambia vibaya zaidi.

Wakili alianza kukusanya karatasi zake kimyakimya. Signy alipasuka kulia, akamkumbatia bintiye shingoni, akambusu nywele, akasema alijua, alijua tangu mwanzo, mama hujua. Ylfa aliiacha mikono yake ikining'inia.

"Jana usiku ulinipigia magoti, mama," alisema. "Ukasema kama nakupenda nikiri."

"Nilikuwa naogopa, mwanangu. Watu wote walikuwa..."

"Najua walivyokuwa."

Alijitoa taratibu kwenye mikono ya mama yake, akamtazama Hallbera. Hapakuwa na shukrani usoni mwake, na Hallbera hakuitafuta.

"Mimi nilishakumbuka," Ylfa alisema. "Hapo ndipo usiponielewa. Leo alfajiri nilikumbuka kila kitu, ila asubuhi sikuthubutu kukwambia. Kifuniko kilikuwa cha moto. Kiliniunguza kidole hiki kidogo. Nikakisukuma kikashuka, kimya kikaingia, nikafurahi. Nilimwona Dagrun kupitia dirisha, amefumba macho, nami nimefurahi."

"Halikutokea, Ylfa."

"Najua. Umeshathibitisha." Alikigeuza kidole chake kwenye mwanga, akakikagua pande zote mbili, kikiwa kizima. "Lakini bado nakumbuka."